Sabaki, Galana au Marafa? Jibu kwa msomaji wa Lamu

Swali: Assalaam alaykum mwalimu. Sisi ni jamaa wa nyumba moja hapa Langoni, Lamu: mama yetu aliyepita miaka sitini, watoto wanne, na sisi wakubwa sita. Likizo ya Agosti tunataka kwenda Malindi siku tatu, tutembee kwa miguu mahali penye mto na mandhari ya kupendeza. Mmoja anasema twende Sabaki, mwingine Galana ndani ya hifadhi ya Tsavo, mwingine Marafa. Mimi roho yangu iko kwa viboko na mamba. Twende wapi, saa ngapi, na tujitayarishe vipi?

Jibu: Waalaykum salaam dada yangu, na mama umfikishie shikamoo yangu.

Kama nia yenu ni kutembea, nendeni Sabaki. Marafa, lile bonde lenye kuta za rangi, muiweke jioni ya siku ya pili. Galana ya Tsavo muiache mpaka mpate gari la maana na siku nzima, kwa sababu kule mtakaa vitini kutwa mkiutazama mto dirishani, na watoto wa Langoni ninavyowajua hawana subira hiyo.

Hao waliokutajia Sabaki na Galana wamekutajia mto mmoja. Mto huo, kwa jina la Athi, huanzia nyanda za juu karibu na Nairobi, hupita Ukambani, kisha hukutana na mto Tsavo unaotoka upande wa Kilimanjaro. Kutoka hapo huitwa Galana, na ukikaribia pwani watu huuita Sabaki. Kwa urefu ni wa pili Kenya baada ya Tana. Nakueleza haya kwa sababu moja: mvua ikinyesha Machakos leo, maji yake yatafika Malindi baada ya siku kadhaa, hata kama hapa kwetu hakuna wingu. Nimewaona wageni wamesimama ukingoni juani, wanashangaa magogo na majani makavu yanayopita kwa kasi yametoka wapi. Basi wiki ya safari yenu fuatilieni habari za mvua ya bara, ya Malindi haitawaambia kitu. Agosti kwa kawaida mto huwa umepungua na umetulia, mmechagua vyema. Mngeniambia Aprili, Mei au Novemba ningewaomba mngoje. Mafuriko ya 2023 na 2024 yaliwatoa watu majumbani mwao kandokando ya mto huu huu.

Bahati yenu ni kwamba mnatoka Lamu, kwa hivyo basi litawavusha daraja la Sabaki kabla hamjaingia Malindi. Kaeni upande wa kushoto, upande wa bahari, na dereva akipunguza mwendo tazameni chini. Mkiona mafungu ya mchanga yametokeza katikati na maji yanapita mfereji mmoja au miwili, rangi yake kama chai ya maziwa, mto uko sawa. Mkiona maji mekundu yamefika kwenye nyasi za ukingoni, yamebeba matawi na povu, siku inayofuata msiende huko. Geuzeni ratiba, muanze na Marafa. Ukaguzi huo haugharimu chochote na ni wa kuaminika kuliko picha za mwaka jana mtakazoonyeshwa kwenye simu. Fungu la mchanga lililo mlangoni mwa mto, pale unapoingia baharini, huhama. Mahali ambapo mwaka huu watu wanapita kwa miguu, mwaka ujao huenda pakawa ni maji ya kina.

Sasa bahari. Mtu wa Lamu hafundishwi bamvua (maji makubwa) na maji mafu (maji madogo), ila mlango wa mto una tabia yake. Ufuoni kwa kawaida maji yanayojaa unayaona yakija kutoka mbele yako. Pale Sabaki hupenya kwanza kwenye vijito vilivyo nyuma yako, kati ya mikoko na mchanga ulipo. Unaweza ukawa umesimama pakavu unatazama ndege, mbele hakujabadilika kitu, na nyuma yako ile njia uliyoipita kwa kifundo cha mguu sasa inafika pajani. Dalili ya kwanza huwaoni watu wakiizungumzia: kaa. Wale kaa wadogo wenye gando moja kubwa huwa nje kwa mamia wakipunga, na maji yakigeuka huanza kuingia mashimoni mmoja baada ya mwingine, na tope lililokuwa likimetameta kwa mwendo wao hunyamaza. Mkiona hivyo, rudini upande wa nchi kavu. Msingoje kuona maji yenyewe.

Siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji Malindi hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi hivi, kisha kila siku husogea mbele kwa kama dakika 50. Hizo ndizo siku zenu. Mkifika wakati wa maji mafu mtatembea pia, lakini uwanda utakaofunuka ni mdogo, na asubuhi maji yatakuwa yanajaa wakati nyinyi ndiyo kwanza mnafika. Pangeni likizo kwa mwezi kwanza, halafu ndiyo mtafute nyumba ya kulala.

Nije kwenye viboko, maana hapo ndipo roho yako ilipo, na unayo haki.

Viboko wako Sabaki, na wako hadi karibu na bahari kabisa. Mchana hukaa majini, vichwa na masikio tu ndiyo yanayoonekana, na kwa mtu aliye ukingoni kwa mbali hawana neno. Hatari yao iko nchi kavu. Usiku hutoka kula majani, huenda mbali hadi mashambani, na alfajiri hurudi. Kiboko anayerudi akikuta mtu amesimama kati yake na maji hatafuti njia nyingine. Kwa hivyo msiingie ukingoni kabla jua halijapanda vizuri. Saa moja na nusu ni mapema ya kutosha. Jioni, jua likianza kulala, muwe mmeshaondoka. Na mjue kuisoma njia yao. Njia ya ng'ombe ni mfuo mmoja. Ya kiboko ina mifuo miwili sambamba na tuta la nyasi katikati, kwa kuwa miguu yake ya kushoto na ya kulia iko mbalimbali, na majani ya pembeni huwa yamepakwa kinyesi kilichotawanywa kwa mkia. Njia hiyo huishia majini. Hata kama ndiyo fupi, na hata kama ina kivuli kizuri, msiishike. Kiboko mwenye mtoto ni mbaya zaidi, na mwenyeji mtakayemchukua awatembeze atawaambia wiki hiyo yuko upande gani.

Mamba ni mwepesi kumweleza: wako, hamtawaona, msikaribie maji. Msinawe miguu mtoni mkitoka topeni, msimwache mtoto achote maji na kopo, msichuchumae ukingoni kupiga picha. Tope litakauka lenyewe na kupukutika. Wavuvi mtakaowakuta wameingia hadi kiunoni si kipimo chenu. Wanaujua mto ule kwa siku na kwa saa, na hata wao huumizwa.

Hapo mlangoni mwa mto hakuna geti kama la hifadhi ya taifa, na hakuna askari wa wanyama atakayewapigia filimbi mkikosea. Ndiyo sababu nasisitiza mwenyeji. Wako vijana wa kijiji cha Sabaki wanaotembeza wageni na kulinda ndege wa pale. Ulizeni mkifika, mpatane bei kabla ya kuondoka, na mmuulize swali moja tu: leo maji yanapwa saa ngapi? Akijibu bila kutazama simu, mchukueni.

Njia ninayowapendekezea ni hii. Kutoka Malindi pandeni tuktuk au matatu ya kwenda Mambrui, mshuke kijijini Sabaki mkishavuka daraja. Kutoka hapo mnaelekea baharini, mto ukiwa mkono wa kulia. Mwanzo ni mashamba na vichaka, mchanga laini na ng'ombe waliofungwa kamba. Halafu inakuja michu, ile mikoko yenye vidole vinavyochomoza kutoka topeni, na hapo mwendo unapungua kwa sababu kila mtu anatafuta pa kukanyaga. Sheria ya tope ni kupita palipokwisha kupitwa. Likikushika hadi gotini usichomoe kwa nguvu mguu mmoja. Egemea mbele, shika mkono wa mwenzio, toa kisigino kwanza. Watoto watacheka sana hapo, waacheni.

Kisha mbele panafunguka ghafla. Kulia mto unapanuka na kuwa bwawa la kahawia, kushoto vilima vya mchanga, na katikati uwanda wa tope na mchanga hadi mawimbini. Ndege ndio sifa ya mahali hapa duniani. Agosti mtawakuta wageni wasioonekana sehemu nyingi: ndege wadogo wa kahawia, mikia imegawanyika kidogo, wanaozaana Madagaska na kuja pwani yetu kati ya Aprili na Septemba. Hukaa chini wote wakielekeza midomo kwenye upepo, hata huwaoni mpaka mmoja aruke, na akiruka mmoja hupaa maelfu. Kuna mwari, kuna sululu wenye midomo iliyopinda, vitwitwi wakikimbia pembezoni mwa maji, na baadhi ya miaka heroe, wale wa rangi ya waridi ambao wengi wetu huwaita flamingo. Mwishoni mwa Agosti wale wa Ulaya na Asia nao huanza kufika, baadhi bado wakiwa na rangi zao za kiangazi cha huko. Waambieni watoto wasiwakimbilie. Ndege aliyesafiri kutoka kaskazini mwa dunia kuja kula hapa, kila akirushwa anapoteza alichokula.

Wengi hurudi kwa njia waliyojia. Mimi nawashauri msirudi. Agosti ni kusi, upepo unavuma kutoka kusini, na Mambrui iko kaskazini. Tokeni mlangoni mwa mto mfuate ufuo kuelekea Mambrui, upepo ukiwasukuma mgongoni. Mchanga uliofunikwa na maji muda mfupi uliopita ni mgumu, mguu hauzami, na kwa mwendo wa familia ni kama saa moja na nusu au mbili. (Mkija tena Januari wakati wa kaskazi, anzieni Mambrui mje Sabaki, kwa sababu ile ile.) Bahari upande huo Agosti huwa na rangi ya mto, na wengine hudhani ni uchafu wa mji. Ni udongo wa bara. Kusi huusukuma kaskazini, kuelekea Mambrui na Ngomeni. Kaskazi huurudisha kusini, hadi Malindi mjini na kwenye matumbawe. Udongo huo huo ndio ulioupanua ufuo wa Malindi, hata majengo yaliyojengwa kando ya bahari siku hizi yametenganishwa na maji kwa uwanja mpana wa mchanga.

Vilima vya mchanga viko njiani, kati ya Sabaki na Mambrui. Pandeni kimoja kabla ya saa tano. Baada ya hapo mchanga unaunguza na upepo unaurusha machoni. Vijana wapande watakavyo na kuteleza, lakini pale juu penye majani na vichaka vinavyotambaa pasichezewe, ndivyo vinavyokizuia kilima kisitembee hadi shambani kwa mtu.

Mama asiende matopeni. Ufuo wenyewe ataumudu kama miguu haimsumbui, lakini kumtoa mlangoni mwa mto katikati ya safari ni kazi, tuktuk haifiki mchangani. Ningekuwa mimi ningemwonyesha mto kutoka juu penye kijiji, akae, anywe dafu, kisha tuktuk impeleke Mambrui na mtoto mdogo kuliko wote, muwakute huko. Mambrui ni mji wa Waswahili wa kale kama wenu. Misikiti ipo, adhuhuri mtaisali jamaa, na lipo kaburi la mnara lililopambwa kwa mabakuli ya Kichina ambalo mama atapenda kulifananisha na ya kwenu. Mkimaliza, matatu za kurudi Malindi hazikosi.

Marafa, kwa ufupi. Haiko mtoni. Ni bonde lililochongwa na mvua katika mchanga uliogandamana, lenye nguzo na kuta nyeupe, za waridi na nyekundu, na Wagiriama wana hadithi yao kuhusu jamaa wa matajiri walioogea maziwa hadi ardhi ikawameza; mwacheni mwongozaji wa hapo awasimulie, wanaisimulia vizuri. Mnalipa kiingilio mlangoni, kijiji ndicho kinachopasimamia. Fikeni saa kumi alasiri. Mchana kule chini ni tanuri, hakuna upepo, na rangi zimefifia kwa jua. Jioni kuta zinawaka. Ikiwa imenyesha siku hiyo msishuke, udongo ule unateleza na vipande vya kuta huanguka. Mama anaweza kubaki juu ukingoni, mandhari yote anayaona.

Kama mtabakiwa na asubuhi, msitu wa Arabuko-Sokoke uko njia ya Mombasa, unaingilia Gede. Una kilomita za mraba 420, ndio mkubwa uliobaki wa aina yake pwani ya Afrika Mashariki, na njia za miguu ni tambarare zenye kivuli. Tembo wamo, kwa hivyo hata huko ni kwa mwenyeji. Hauna mto, lakini kwa mtu aliyechoka na jua la Sabaki ni raha.

Kuhusu Galana nimalize, ili huyo aliyeitaja asione nimempuuza. Kutoka Malindi unaingilia lango la Sala, zaidi ya kilomita 100 kuelekea bara kupitia Kakoneni na Langobaya. Ndani, barabara inaufuata mto kwa masafa marefu, mikoma kila upande, na ng'ambo ya mto unaona mgongo wa Yatta, lava iliyoganda kwa urefu wa kilomita karibu 300. Huko ndiko yaliko Maporomoko ya Lugard, miamba ambayo mto umeitoboa na kuichonga mpaka maji yote ya Galana yanapita kwenye ufa mwembamba. Pale mnaruhusiwa kushuka garini, na pale ndipo kila mtu anapotaka kusogea ukingoni kwa picha. Miamba imelainishwa na maji kwa maelfu ya miaka, inateleza hata ikiwa mikavu, na chini kidogo ya hapo ndipo mamba wanapokaa. Kwingineko ndani ya hifadhi kutembea kwa miguu hakuruhusiwi bila mpango maalumu na askari mwenye silaha. Na maporomoko hayo yako upande wa Voi zaidi kuliko Malindi, kwa hivyo kwenda na kurudi siku moja kwa familia yenye watoto ni mateso. Mkiamua hata hivyo, malango hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni, na kiingilio hulipwa kwa mtandao wa eCitizen. Msifike na noti mkononi mkidhani mtapata tikiti.

Matayarisho. Viatu vya Sabaki ni raba kuukuu zenye kamba. Ndara zitabaki topeni, na miguu mitupu itakatwa na vidole vya michu na makombe. Akina dada, buibui refu likiloa tope huwa zito mno. Vaeni suruali na dera au gauni linaloishia juu ya kifundo, mtandio mfunge vizuri kwa ajili ya upepo. Maji lita mbili kwa kila mtu mzima, na si kwa hesabu ya jua tu, upepo wa kusi hukausha mwili bila kukutoa jasho ukajijua. Tende, ndizi, mahamri ya jana. Leso mbili za ziada: moja ya kufunika watoto mchanga ukiruka, moja ya kukalia. Simu zitieni kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, maana mchanga ule ni mwembamba na huingia kila mahali. Vitambulisho vya wakubwa muwe navyo safarini, barabara ya Lamu ina vituo vya ukaguzi, na kwa sababu hiyo hiyo msipange kushuka basi na kwenda mtoni siku moja. Laleni Malindi kwanza.

Mmoja wa hao vijana wenu atauliza kama anaweza kuogelea pale mto unapokutana na bahari, kwa kuwa mahali hapo panaonekana shwari. Mwambie hapana. Mkondo unavuta nje, maji hayaonyeshi chini, na mamba wa Sabaki hufika hadi hapo. Siku ya tatu asubuhi mpelekeni ufuo wa Silversand, kusini mwa mji, Agosti maji ya upande huo huwa safi kuliko ya kaskazini, aogelee mpaka achoke kabla ya basi.